Aliyesema Kwanza kwa Roboti

Kila Jumatatu kabla ya shule, Chiriku alimsindikiza bibi yake zahanati kupima presha. Jina hilo alipewa na Bibi kwa sababu ya kusema sana. Jumatatu hiyo walikuta muuguzi wa mapokezi amehamishiwa chumba cha sindano. Mahali pake palisimama roboti nyeupe yenye kimo cha mtoto, uso wake kioo chenye macho mawili ya buluu.

"Nani amefika wa kwanza?" iliuliza.

Watu saba walijibu kwa pamoja. Roboti ikageuka kulia, ikageuka kushoto, ikarudia swali. Watu wakatazamana, wasijue kama mashine hubishiwa. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinyoosha mkono, lakini mafua yalikuwa yamemkausha sauti. Midomo ilicheza tu.

Chiriku alikuwa na mtihani saa mbili. "Ni bibi yangu," akasema kwa sauti kubwa.

Macho ya buluu yakamwelekea. "Asante kwa kusema kweli. Bibi, ingia."

Chiriku akaduwaa. Alitarajia mtu apinge, lakini kila mmoja alidhani roboti inajua. Hata Bibi, ambaye masikio yake ni mazito, aliinuka akishukuru. Kwani uongo ukikubaliwa na mashine unageuka kweli? Hakuelewa.

Ndipo akaona kichwa cha yule mtoto kimelegea, kinaning'inia.

"Nimekosea," akaiambia roboti. "Yule mama ndiye wa kwanza."

"Bibi, ingia," roboti ilirudia.

Chiriku akaiacha hapo hapo. Akakimbilia chumba cha sindano.

"Dada nesi, nimedanganya. Kuna mtoto amezidiwa, na mimi nimempita."

Muuguzi alitoka mbio, akampokea mtoto. Mwili ulikuwa moto kama jiko. Walimpa dawa, wakampangusa kwa maji, na baada ya nusu saa akaanza kulia kwa nguvu. Mama yake naye alilia, kwa furaha.

Saa mbili ilikuwa imeshapita. Muuguzi akaketi kando ya Chiriku.

"Mwanangu, roboti inasikia sauti. Haijui nani anaumwa wala nani anadanganya. Hiyo ni kazi yetu sisi watu. Wewe ulisema uongo, wakubwa wakanyamaza, mashine ikafuata. Ila umeurudia ukweli mapema, na mtoto amepona. Nitakuandikia barua umpelekee mwalimu. Ndani yake sitaficha kitu."

Bibi, aliyekuwa amesogeza sikio, akatikisa kichwa. "Mdomo uliomponza mtu," akasema, "ndio huo huo uliomponya."