Beseni la Bibi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, wapangaji wake walimwita Bwana Kesho. Bomba limepasuka? Kesho. Mlango umeng'oka? Kesho, mama, nakuja mwenyewe na fundi. Alilisema kwa sauti tamu mpaka ukarudi chumbani ukijiona wewe ndiye mkorofi. Mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza alipokuja kwetu na viatu vyake vya kung'aa, na dada yangu analijua hilo. Nawaambia mapema, msije mkasema namsingizia marehemu.

Chumba cha mwisho cha nyumba yake, kilichopakana na bafu, alipanga fundi cherehani wangu, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, pamoja na mama yake. Huyo mama sote tulimwita Bibi. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, hawezi kujigeuza kitandani, na maneno yalimtoka kwa shida. Juu ya chumba chao kulikuwa na tangi la maji, na tangi lilikuwa linavuja. Dari ikaloa, ikavimba, ikaweka doa la rangi ya chai, kisha matone yakaanza. Fundi akatega beseni la kijani. Lilikuwa limepasuka ukingoni, na yeye, mshonaji ni mshonaji tu, akalitoboa kwa sindano ya moto na kulishona kwa uzi mwekundu. Tulilicheka sana lile beseni. Hata Bibi alilicheka, kwa upande wake mmoja wa mdomo.

Basi Bwana Kesho akapata mnunuzi wa nyumba. Siku ambayo mnunuzi angekuja kukagua, asubuhi, mimi nilikuwa mle chumbani najaribu gauni. Shemeji akaingia bila hodi, dada yangu nyuma yake, na nyuma ya dada fundi wa dari aliyebeba mbao mpya nyeupe.

"Bosi," fundi wa dari alisema alipotazama juu, "hapa tangi lizibwe kwanza, na hii mbovu ishushwe. Tukipigilia mpya chini yake, maji yatajaa katikati."

"Wewe pigilia. Nikishauza, hilo ni tatizo la mwenye nyumba mpya."

"Na sisi tunaolala chini yake?" Fundi cherehani aliuliza.

"Mama, si nimesema kesho nitaliziba hilo tangi? Au unataka kuhama leo?"

Fundi alimtazama mama yake kitandani. Utahamia wapi leo hii na mgonjwa asiyeweza kukaa?

Misumari ikapigwa. Dari ikawa nyeupe, imenyooka, inapendeza kuitazama. Ila sakafuni, pale beseni lilipokuwa likikaa, palikuwa pamechimbika na kuota ukungu. Shemeji akapaangalia, akaangalia kitanda cha Bibi kilichokuwa ukutani, pakavu.

"Kisogezwe hapa kifunike," alisema.

Nikasema, "Shemeji, huyo ni mtu, si zulia!" Dada yangu akanikanyaga mguu. Kisha akainama akashika kitanda upande wa miguuni, mumewe akashika kichwani, wakakisogeza na Bibi akiwa juu yake. Bibi alinyoosha mkono wake mzima kuelekea darini. Akahangaika kusema. Beseni shemeji akalipiga teke hadi uani, akalitupa kwenye moto wa taka. Nililiona likiyeyuka kwa macho yangu haya.

Mnunuzi alikuja, akatazama, akaridhika. Aliuliza yule mzee anataka nini mbona ananyoosha kidole juu. "Akili zimeshamruka," shemeji alijibu, akacheka kidogo. Kitanda akaagiza kibaki hapo hapo mpaka pesa ilipwe.

Siku ya pili yake fundi aliniletea gauni nyumbani. Kiuno kilibana, nikalibeba alirekebishe, nikamrudisha mwenyewe, tukiongea njia nzima. Tulipofika mlangoni tulikuta maji yanatoka chini ya mlango. Taratibu. Meupe, yana chokaa.

Dari zilikuwa zimeshuka zote mbili, mpya na mbovu, na maji yote. Ubao mmoja mweupe ulikuwa umemlalia Bibi usoni. Mkono wake mzima ulikuwa umeng'ang'ania ukingo. Alikuwa amejaribu kuisukuma.

Fundi hakupiga kelele. Aliutoa ule ubao, akamfuta mama yake uso kwa gauni langu jipya. Mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka mtaa ukajaa.

Msibani Bwana Kesho alikuja na uso wa huzuni, akasema ni mapenzi ya Mungu. Fundi alimsogelea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama anayeshukuru. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nyumba umeuza," alimnong'oneza, "lakini maji ni yako. Hama nayo."

Akahama vyumba vya mbele alimokuwa akiishi, na dada yangu akahama naye. Nyumba waliyohamia ilikuwa ya zege tupu, juu hakuna tangi, hakuna bomba, hakuna hata ubao mmoja wa dari. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye sukari. Dada akaniambia mumewe ameanza kulowa.

"Kulowa vipi?"

"Akilala tu, tone linamwangukia usoni. Mimi niko ubavuni kwake, mkavu."

Mafundi walikuja, wakagonga zege, wakakuta kavu. Alihamisha kitanda, tone likamfuata. Alijaribu kulala kwenye gari mchana kweupe, vioo vimefungwa. Tone likatoka kwenye paa la gari. Jamani, yule mwanaume alikonda. Macho yalimwingia ndani. Akawa analala ameketi, na kofia ya mvua kichwani. Mtacheka, na mimi nilicheka, mpaka nilipomshika shati. Lilinigandia mkononi, limelowa, na lilinuka chokaa.

Mwishowe akaenda kuomba radhi, dada akanisihi nimsindikize. Fundi alikuwa amepata kibanda kando ya barabara. Shemeji alipiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, mtu mzima, analia.

"Fundi, nimekosa. Niondolee."

Cherehani haikusimama. Fundi aliutazama uzi wake, akajibu kwa sauti tamu, tamu ile ile:

"Kesho."

Akarudi kesho yake. "Kesho, baba." Akarudi tena. "Si nimesema kesho?" Nitasema kweli, mara ya kwanza roho yangu ilisuuzika. Nikasema moyoni, onja. Lakini mtu akiendelea kupiga magoti kila siku, hata furaha inakuishia.

Kisha ikaja siku hakuenda. Dada alikuwa kwangu anasuka nywele, jua la mchana linawaka. Tukarudi wote. Mlangoni pa chumba chao maji yalikuwa yanatoka. Taratibu. Meupe.

Alikuwa amelala chali. Godoro zima limelowa. Usoni na kifuani alikuwa na vipande vya ubao mweupe, rangi bado mbichi, na misumari. Nilitazama juu. Zege. Kavu, haina hata ufa. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka.

Chini ya kitanda kulikuwa na beseni la kijani, limejaa pomoni. Ukingoni limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Dada nikamchukua kwangu. Lile beseni nililimwaga, nikalikatakata kwa panga, nikalitupa mbali. Tukazika, tukaanza kupumua. Mpaka wiki hii, dada alipoamka usingizini mchana akijifuta shavu.

"Nimetokwa jasho," alisema. Hakunitazama.

Sikungoja. Nilikimbia hadi kibandani kwa fundi, sina hata kanga begani.

"Mdogo wangu, nakuomba. Huyu ni dada yangu, sina mwingine. Aliyekosa umeshamlipiza."

Fundi alisimamisha cherehani. Alinishika mkono kwa upole, maana hakuwa na neno na mimi.

"Kitanda cha mama," aliuliza, "kilibebwa na watu wangapi?"

Nilimwona dada tena, ameinama, ameshika upande wa miguuni.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema, akakanyaga cherehani tena. "Kesho."

Nimerudi nyumbani nimemkuta dada amelala, hoi. Nimeinama chini ya kitanda chake. Beseni lipo. Uzi mwekundu upo. Halijajaa, lina maji kidogo tu, ya kufunika kitako.

Nimeketi hapa nalisikiliza.