Boila la Bi Nasriya

Haya yalimfika rafiki yangu Bakhit, fundi bomba, Maskati, mwaka 1978.

Mjane mmoja, Bi Nasriya, alimwita mchana amtazamie boila lake la maji moto. Kila siku boya la ndani lilishuka na kuuzima moto, kama linavyopasa maji yakipungua. Lakini bomba la kuingizia maji lilikuwa wazi, wala hapakuvuja hata tone.

"Lifunge hilo boya lisizime, mwanangu," alisema. "Nnaona baridi."

"Halifungwi, bimkubwa. Boila likiwaka kavu litapasuka, utakufa humu ndani."

Akaingia stoo lilimokuwa boila, na kurunzi, giza tupu, akawasha moto. Akasikia maji yakimiminika ndani ya boila, kisha mtu akinywa, gudu, gudu, gudu, bila kupumua. Boya likagonga chuma. Moto ukazimika.

Bakhit alingoja chuma kipoe, akafungua tundu la kusafishia, dogo kama ngumi, akamulika.

Maji yalikuwa yamekwisha. Kwenye tope la chini palikuwa na nyayo mbili za mtu mzima, zimesimama pamoja, vidole vimemwelekea yeye.