Siku Nne za Geum-ok

Deok-im alikuwa akipangusa mitungi yake ya mchuzi wa soya uani, jua likiwa la utosi, aliposikia kitu kikigonga kifuniko cha mtungi mmoja kutoka ndani. Ko, ko, ko. Akafunua. Mchuzi tu, mweusi, umetulia tuli. Lakini harufu iliyompanda puani ilikuwa ya udongo mbichi na viazi vitamu vilivyooza.

"Mama, umesikia?" mkwewe Hye-ran alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani anabisha hodi?"

Kufikia siku ya tatu mitungi yote ishirini ilikuwa ikigonga, mmoja ukinyamaza mwingine ukidakia, na Hye-ran akamwita mganga, mama mmoja mnene wa ng'ambo ya mlima, ambaye alitikisa kengele zake mara mbili tu zikamponyoka, macho yakamgeuka meupe, na koo lake la utu uzima likatoa sauti ya mtoto: "Deok-im wee, umeshamaliza kuhesabu?"

Deok-im akaketi chini kama gunia.

Miaka hamsini na miwili ilikuwa imepita. Yeye na rafiki yake Geum-ok walikuwa na umri wa miaka tisa, wakicheza kombolela. Geum-ok alijificha kwenye shimo la kuhifadhia viazi katika shamba lililoachwa. Deok-im, kwa utani, akasukuma bapa la jiwe juu yake, kisha jiwe likakataa kurudi. Watu wazima walipouliza, aliogopa fimbo, akadanganya: "Nimemwona akipanda basi na mwanamume." Kijiji kizima kikakimbilia barabarani.

"Nenda kamwambie mama yake," mganga alisema alipozinduka, akifungasha vitu vyake upesi upesi. "Mwenye haki yake mimi simfukuzi, dada."

Bibi Pan-rye, mama yake Geum-ok, alikuwa akipakua wali katika bakuli mbili. Hadi leo alimwekea bintiye, asije akarudi na njaa.

Deok-im alipiga magoti kizingitini, akasema yote.

"Kwa hiyo hakuolewa huko mjini," bibi alisema mwishowe. "Hana watoto."

"Hana, Mama Geum-ok."

"Ulirudi pale shimoni?"

"Kesho yake."

"Ukakuta ameshakufa?"

Uongo ulimjia ulimini, mtamu, wa huruma. Akaumeza. "Alikuwa anagonga. Nikakimbia. Nilirudi kila siku. Siku ya nne akanyamaza."

Bibi Pan-rye hakulia. Aliinuka kwa kushika ukuta, akamfungia mlango usoni, akatia komeo. Deok-im alibaki palepale akingoja atukanwe, apigwe, chochote kile, na alichosikia ni kijiko kikigusa bakuli, na bibi akibembeleza kwa sauti ya chini:

"Kula, mwanangu. Kula, huyo ameshaondoka."

Na mtoto akajibu, mdomo umejaa wali:

"Hajaondoka, mama. Yuko hapo mlangoni. Nimfuate?"