Sugu ya Kujitakia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia kibanda cha baba. Vipande vya ngozi, nyuzi, misumari midogo iliyopinda, vyote nilivikusanya huku nikisonya. Baba ni fundi viatu, na mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili na pua yangu ilikuwa juu sana.

Kilichoniudhi zaidi ni namna alivyopima. Mteja alivua viatu akasimama juu ya kipande cha boksi. Baba akapiga magoti na penseli, akauchora mguu kuuzunguka. Watu wazima na heshima zao, wanachorwa miguu! Kisha wanashonewa viatu vipana mbele kama mikate, na wanaondoka wakishukuru.

"Njoo nikuchore na wewe," baba aliniambia kila muhula ulipoanza.

"Hapana, baba. Vyangu vinanitosha."

Havikunitosha hata kidogo. Vilikuwa vyeusi, vya kung'aa, vyenye ncha mbele, zawadi ya shangazi ya mwaka juzi. Lakini nilikuwa kiongozi wa gwaride. Siku ya wazazi ningetangulia shule nzima nikiwa na fimbo ya kuongozea, na sikukusudia kutangulia na mikate miguuni.

Basi kidole changu cha mwisho cha mguu kikaota sugu. Ilikuwa ya manjano, ngumu, na katikati ilikuwa na kiini mithili ya punje ya mtama. Chini ya unyayo nako ngozi ikawa nene. Kila hatua ilikuwa kama nimekanyaga kokoto. Nilikaza meno nikajitia hamnazo, na sikumwambia mtu.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, mwalimu wa gwaride akanisimamisha. "Unachechemea. Ukichechemea tena, fimbo nampa msaidizi wako."

Msaidizi wangu ni msichana tuliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Alikitazama kidole changu akabeua midomo. "Hiyo sugu tu. Ikate. Ngozi imekufa hiyo, haiumi."

Redio hajui hata kufunga kamba za viatu vyake, nami nikamwamini. Nilikuwa nimemwona baba mara elfu: akikuta ngozi nene, huchukua kisu chake kifupi na kuiparua mpaka iwe nyembamba. Jumamosi, baba alipokwenda kununua gundi, nilikaa kwenye kigoda chake, nikaweka mguu juu ya ubao wake, nikakishika kile kisu. Nikaparua mara moja, mbili. Ya tatu damu ikaruka.

Baba alirudi akaikuta damu sakafuni. Hakunigombeza. Alinifunga kitambaa safi, akafunga kibanda, akanipeleka zahanati.

Muuguzi wa chumba cha kutibu miguu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani. Kabla ya mguu, alikitazama kiatu. Alikinyanyua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akasonya. Nilikuwa sijawahi kusikia msonyo mrefu hivyo, na mimi ni mjuzi.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi, mama."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kisu cha baba. Cha kuparulia ngozi."

Alishusha miwani. "Kwani wewe ni mkoba?"

Alisafisha kidonda, akanichoma sindano ya pepopunda, akaniambia nirudi baada ya wiki, tena na ndala, kile kiatu nikilete mkononi. Niliporudi kilikuwa kimepona. Alinawa mikono, akavaa glavu, akatoa kiwembe kipya kutoka kwenye pakiti yake. Nilifumba macho. Alipunguza ile sugu kidogo kidogo, tabaka moja baada ya jingine, kisha akang'oa kiini. Sikusikia maumivu yoyote.

"Rafiki yako alisema kweli, ngozi iliyokufa haiumi," alisema. "Lakini hajui inaishia wapi, na wewe hujui. Mimi nimesomea kujua. Mwenye ugonjwa wa sukari akijikata hivyo anaweza kupoteza mguu mzima."

Alibandika kiduara laini kuzunguka pale palipokuwa na kiini, ili pasibanwe. Kisha akaniuliza kama najua sugu hutoka wapi. Nikatikisa kichwa.

"Ngozi inayobanwa na kusuguliwa kila siku hujikinga, inakuwa nene. Nimeitoa leo. Ukivaa tena kile kiatu, mwezi haupiti itarudi."

Akaweka karatasi sakafuni, akanisimamisha pekupeku. Mama yule mnene akapiga magoti, akauchora mguu wangu kuuzunguka. Juu ya mchoro akaweka kiatu changu cha ncha. Mguu ulimwagika pande zote mbili.

"Baba huchora hivyo," nikasema kwa sauti ndogo.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi viatu."

Akamtazama baba mlangoni, akanitazama mimi, akakitazama kiatu. Hakusonya, na ingekuwa afadhali angesonya.

Jioni ile nilisimama juu ya boksi bila kuambiwa. "Nisamehe, baba," nikasema.

Baba alichora mpaka akamaliza ndipo akajibu. "Nilikuona unachechemea nikanyamaza, hapo nimekosa. Lakini wewe umedharau kiatu hujakijaribu, ukaficha maumivu ili uonekane hodari, ukajitibu kwa maneno ya asiyejua. Siku nyingine ukiumia, sema siku ile ile, utibiwe na aliyesomea. Na kazi ya mtu usiicheke kabla hujaijua."

Siku ya wazazi nilitangulia shule nzima na mikate yangu miguuni. Nyuma yangu Redio alicheka mpaka mwalimu akamkodolea macho. Sikuchechemea hatua hata moja.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nafagia kibanda nikasikia hatua za mtu anayekokota mguu. Alikuwa Redio, kiatu chake cha ncha mkononi, na kwa mara ya kwanza hana la kusema. Nilitaka kusonya, msonyo ukanifia mdomoni. Baba akanipa penseli.

Nikaweka boksi chini, nikapiga magoti. "Simama sawasawa," nikamwambia. "Na usicheke, inatekenya."