Joto la Gunia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kashindye alipanda mwambani na ufagio wake. Nyuma ya nyumba yao, pale Igogo mjini Mwanza, palikuwa na mwamba mpana uliolala kama mgongo wa kiboko, na juu ya mwamba huo mama yake alianika dagaa wa kuuza. Kashindye alifagia vumbi na mavi ya ndege, akatandika vipande vya nyavu kuukuu, kisha akamwaga dagaa na kuwatawanya kwa viganja. Kazi hiyo aliizoea. Alijua kwamba dagaa aliyekauka hulia akivunjwa, na aliye mbichi hukunjika tu, kimya. Alijua pia kwamba dagaa asipogeuzwa mara kwa mara, mgongo wake hukauka na tumbo likabaki na maji.

Lakini juma lile la mwisho, hata mwamba wenyewe ulionekana mrefu kuupanda.

Nyumba nzima ilikuwa inahama. Miaka ile viwanda vingi vilikuwa vinauzwa, vingine vinafungwa, na nguo za mitumba zilijaa masokoni kama majani wakati wa masika. Kiwanda cha nguo alichokitumikia Mihayo, baba yake Kashindye, tangu ujana wake, kiliwatoa wafanyakazi kwa mafungu. Fungu lake lilipofika, Mihayo alitoka getini akiwa na kikombe chake cha chai mkononi, basi. Alihangaika sana mjini bila kupata kitu. Mwishowe alipata kazi ya kutengeneza mashine kwenye shamba la mkonge huko Kilosa, akatangulia. Baadaye akatuma salamu: chumba kimepatikana, njooni.

Kutoka Mwanza hadi Kilosa ni safari ya treni ya kuchosha, kupitia Tabora na Dodoma. Lakini Kashindye alichoka kabla hata ya kuliona behewa. Kuhama kulimchosha kuliko kulima. Kila siku palikuwa na kitu cha kufungwa, na kila kilichofungwa kilifunguliwa tena, kwa sababu mwiko ulikuwa ndani yake, au sabuni, au dawa ya mgongo ya bibi. Sahani zilifungwa kwa khanga. Masufuria yalipakatana. Kuta zilibaki tupu, na sauti ya mtu akikohoa ilizunguka chumbani kama ya mgeni.

Mama yake aliuza kabati, akauza kitanda kikubwa, akauza na cherehani. Kila alichopata alinunua dagaa.

"Mama, hata cherehani?" Kashindye aliuliza siku ile mnunuzi alipoibeba.

"Hata cherehani. Kule tuendako hakuna ziwa, mwanangu. Watu wa Kilosa wanawapenda dagaa wa Mwanza kuliko nyama. Nitafungua meza yangu ya biashara. Hili gunia ndilo duka letu. Hatuna kingine cha kuanzia."

Jumamosi, mama alikwenda stesheni kufuatilia tiketi na nafasi ya mizigo. Kabla ya kutoka alimwonyesha Kashindye kwa kidole dagaa wa mwisho, waliokuwa bado mwambani. Mawingu yalikuwa yameficha jua siku kadhaa, na dagaa hao walichelewa kukauka.

"Leo jua limetoka. Wageuze, wageuze tena, usiwaache," alisema. "Jioni, wakiwa wamekauka, uwatie guniani pamoja na wale wakavu wa ndani. Ukiona bado, uwaache, tutawaanika tena kesho."

"Sawa, mama."

Kashindye aliteka maji. Aliosha vyombo, akavifunga. Alimwogesha bibi yake, Bibi Ng'washi, mama mzazi wa Mihayo, ambaye mgongo wake ulikuwa mbovu na miguu yake haikutaka tena vilima vya Igogo. Kisha akapanda mwambani, akawageuza dagaa mara moja, akakaa kwenye kivuli cha jiwe na kuinamisha kichwa juu ya magoti.

Raya, binti wa jirani yao Sada, alimpitia na ndoo kichwani.

"We Kashi! Umekaa kama bibi yako! Bado mkongojo tu."

"Niache, Raya. Hata kope zangu ni nzito."

"Basi lala, ajuza. Ukiamka utajikuta Kilosa."

Raya alishuka akicheka. Kashindye alifumba macho kidogo tu, kama alivyojiambia. Alipoyafumbua, jua lilikuwa limeshuka, na kunguru wawili walikuwa wanakula dagaa kama wageni wa harusini.

Aliwafukuza, akaokota dagaa mmoja na kumvunja. Hakuvunjika. Alikunjika kimya. Alijaribu mwingine. Migongo ilikuwa mikavu, matumbo yalikuwa na unyevu.

Kashindye alisimama pale juu akiutazama mwamba. Aliona kazi yote upya: kuwakusanya, kuwashusha, kuwalaza ndani bila kuwafunika, kesho kuwapandisha, kuwatandaza, kuwageuza. Mwili wake mzima ulikataa. "Unyevu wenyewe kidogo tu," alijiambia. "Watakaukia humo humo."

Akawashusha. Akawamimina guniani, chini kabisa, wale wenye unyevu. Juu yao akamimina wakavu waliokuwa ndani ya nyumba, tele, mpaka gunia likajaa na kufanya kilemba juu ya mdomo wake.

Mama alirudi jioni, miguu imejaa vumbi, viatu mkononi. Alichota dagaa wachache wa juu na kumvunja mmoja. Tak! Dagaa alilia.

"Na wale wa mwisho, uliwageuza vizuri?"

"Niliwageuza, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Bila wewe ningeanguka njiani."

Kisha mama akachukua sindano ya gunia na kamba ya katani, akalishona gunia mdomo, huku anasinzia. Kashindye alikwenda kulala bila kula.

Jumapili walikwenda kanisani kuaga. Jioni majirani walipita mmoja mmoja, wakakaa juu ya mizigo kwa sababu viti vilikwisha kuuzwa. Bibi Ng'washi hakupata pa kuegemea. Alizunguka chumba na fimbo yake, akijaribu hili na lile, mpaka akafika kwenye gunia la dagaa. Akaketi chini taratibu, akauegesha mgongo wake hapo. Uso wake ukakunjuka.

"Aaa!" alisema. "Ng'wanawane, mtoto wangu, njoo uone. Gunia hili lina joto kama tumbo la ng'ombe. Nimepata jiko la mgongo!"

Majirani wakacheka. Mama yake Kashindye alikuwa nje akimsindikiza mgeni, hakusikia. Kashindye peke yake hakucheka. Alisogea, akaweka kiganja kwenye gunia, sehemu ya chini. Palikuwa na joto kweli, joto zito, kama paji la uso la mgonjwa wa homa.

"Ni jua, bibi," alisema upesi. "Lilipigwa na jua."

"Jua gani? Gunia limeshinda ndani tangu jana," alijibu bibi, huku amefumba macho. "Lakini liache hivyo hivyo. Huko kwenye treni mimi nalala na hili. Na nikiona njaa, nachomoa dagaa kidogo natafuna."

Kashindye aliuondoa mkono. Aliwahi kuona kule mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mfanyabiashara mmoja akifungua gunia lililokuwa na joto kama lile. Dagaa walitoka wameshikana mabonge, wana ukungu mweupe, na harufu yao iliwafanya watu wazibe pua. Bibi yake, kikongwe mwenye mgongo mbovu, angewatafuna dagaa wale kwenye treni, mbali na hospitali. Na mama yake angefungua duka lake mbele ya watu wa Kilosa, atoe uozo.

Alitamani mtu mwingine agundue. Hakuna aliyegundua.

Asubuhi ya Jumatatu jua liliwaka kali, bila wingu. Treni ilikuwa ya jioni, na Luhende, mwenye pikapu wa kule Igoma, alikuwa aje alasiri kuichukua mizigo. Mama alikuwa amepiga magoti akifunga godoro kwa kamba.

"Mama."

"Nishikie hapa, kwa kidole. Kaza."

Kashindye alikaza kidole juu ya fundo. "Mama, dagaa wa chini hawakukauka."

Mikono ya mama ilisimama.

"Niliwageuza mara moja tu. Nililala. Niliona uvivu wa kuwaanika tena. Nikawatia chini, wakavu nikawaweka juu ili usione. Na gunia lina joto, mama. Bibi alilisikia jana alipoliegemea."

Mama akaliachia godoro, likafunguka lote, naye akakaa juu yake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kashindye," alisema kwa sauti ndogo, "sina hata nguvu za kukupiga."

Maneno hayo yalimuuma Kashindye kuliko fimbo. Alilia. Mama hakumbembeleza. Aliinuka, akachukua kisu, akakata kamba ya gunia.

"Kulia utalia kwenye treni. Sasa hivi kuna jua. Kamwite Mama Raya."

Sada alikuja na Raya, kila mmoja na ungo wake. Waliwachota dagaa wa juu kwanza, wakavu, wakawaweka kando. Walipofika katikati, unyevu ulikuwa umepanda. Walipofika chini, harufu ikawapiga usoni. Dagaa walikuwa wameshikana, weupe kwa ukungu.

"Mama Kashi," alisema Sada akiziba pua kwa ncha ya mtandio, "hawa wa katikati jua hili litawaokoa. Hawa wa chini, lahaula!"

"Tuwape bata wetu, shangazi," alisema Raya.

"Bata wenu mtakuja kuwala nyinyi," mama alijibu. "Hapana. Hawa ni wa kufukia."

Kashindye alichimba shimo mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Alifukia dagaa wale, na alipokuwa anarudishia udongo alijua anafukia kabati pia, na upande mmoja wa cherehani. Halafu akapanda mwambani. Mwamba ulichoma nyayo. Aliwatandaza dagaa wa katikati mmoja mmoja, akawageuza, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akawageuza tena. Mgongo uliuma, shingo iliuma, jasho likamwingia machoni. Raya alimletea maji, safari hii bila utani, kisha akainama naye kugeuza.

Alasiri pikapu ikapiga honi. Luhende alishuka, akaona watu mwambani.

"Shikamoo, Bibi Ng'washi! Jamani, mnahama au mnahamia? Mbona mnaanika?"

"Marahaba, baba," bibi alijibu kutoka kizingitini. "Tunaponya gunia. Lilikuwa na homa."

Luhende alinung'unika, akatazama jua, akatazama barabara. Mwishowe alivua shati. "Haya, nipakie godoro na vyombo kwanza. Lakini hao dagaa wasije wakanichelewesha, mimi siyo babu yao."

Mizigo yote ilipokwisha kupakiwa, mama alipanda mwambani. Hakuchukua dagaa wa juu. Alipitisha mkono katikati, akachukua hapa, akachukua pale, akampa Kashindye. "Vunja wewe."

Tak. Tak. Tak. Wote walilia.

Gunia lilishonwa tena. Kilemba kilikuwa kimepotea, na gunia lenyewe lilipungua, likafika kifuani mwa Kashindye badala ya kupita kichwa chake. Lakini lilikuwa kavu, likichakarika kila lilipoguswa.

Stesheni, wakati Luhende na wachukuzi wanapandisha mizigo, mama alimvuta Kashindye pembeni.

"Duka letu litaanza dogo," alisema. "Tutauza kwa vibakuli, halafu tutaona. Baba yako nitamweleza, na wewe utakuwepo nikimweleza."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize vizuri. Kuchoka siyo kosa. Mimi nimechoka, bibi yako amechoka, baba yako amechoka tangu siku ile aliyotolewa kiwandani. Kosa ni kuficha kazi mbovu chini ya nzuri. Ungeniambia Jumamosi, 'Mama, nimechoka, dagaa bado,' ningepanda mwenyewe, au ningemwomba Sada. Uchovu ukisemwa, watu wanakusaidia. Ukiuficha guniani, unaoza, na unaozesha vya wengine. Ungenyamaza mpaka Kilosa tungefika na gunia la sumu, na aliyekuamini kuliko wote angekuwa wa kwanza kula."

Kashindye alimtazama bibi yake, aliyekuwa anapandishwa kwenye behewa na watu wawili, huku akiwagombeza wote wawili.

Treni iliondoka ikijivuta. Mawe ya Igogo yalipita dirishani, na ziwa nyuma yake likawa jekundu, kisha likafichwa na vilima. Bibi Ng'washi alisukuma mgongo wake kwenye gunia la dagaa lililosimamishwa kando ya kiti. Akajisogeza, akajisogeza tena, akakunja uso.

"Limepoa," alilalamika. "Nani kanizimia jiko langu?"

"Ni mimi, bibi," alisema Kashindye.

Mama aligeukia dirishani, lakini Kashindye aliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Bibi alinyoosha mkono, akamvuta mjukuu wake katikati yake na gunia. "Basi wewe ndiye utakuwa jiko."

Kashindye akaegemea hapo, amechoka mpaka kwenye kucha, na kabla ya kufika Usagara, nje kidogo tu ya Mwanza, alikuwa amelala.