Kisanduku Alichokitupa Mkaguzi

Walikutana kwenye foleni kwa mafundi wa kompyuta, watu wamebanana, kila mmoja na mashine yake kwapani. Mpiga picha, shati jeupe limenyooshwa vizuri, akampisha binti aliyekuwa nyuma yake, akamtania kwamba kompyuta ya binti ndiyo mgonjwa mahututi zaidi. Binti, mtengenezaji wa tovuti, akacheka bila kutaka. Hazikupita siku nyingi wakawa chanda na pete.

Binti alimtengenezea tovuti ya studio, akamfundisha kuihariri. Jamaa naye akampachika jina Mkaguzi, na lilimfaa. Msimbo wake, programu aliyoiandika kwa lugha ya JavaScript, ulikagua kila kipande cha ukurasa kabla hakijaonekana: kilichopinda ulikinyoosha kifanane na vingine, kisichotambulika ulikitupa bila kusema ni kipi.

Siku moja, binti akiwa ofisini kwake ghorofani, mpiga picha akamwomba kwa simu aufungue ukurasa, kuna kitu ameongeza. Binti akaona picha zilezile, na taarifa fupi kwamba kipande kimoja kimetupwa. Akadhani ni makosa ya mwanafunzi wake. Akampigia.

"Mpenzi, kile ulichoweka hakifai. Nimekitupa."

Kwenye simu ikasikika kengele ya lifti.

"Umekitupa kabisa?"

"Kabisa. Na usirudie, baba," akatania.

"Sawa, Mkaguzi."

Tangu hapo binti akipiga, hapokelewi. Mara akasikia jamaa kahamia mji mwingine. Lo, alilia huyo!

Mwaka wa pili mteja mmoja alilalamika kwamba msimbo unatupa vitu bila kusema ni vitu gani. Binti akaurekebisha uonyeshe kila unachokataa, akaujaribu kwenye ukurasa wa zamani wa studio. Kikatokea kisanduku alichokibuni mpiga picha mwenyewe, kimekaa upande: *Mkaguzi wangu, utakubali nikuoe?* Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Akampigia mpiga picha kwa simu ya ofisi, ikapokelewa.

"Sikukiona kile kisanduku," alisema. "Msimbo ulikitupa kabla sijakisoma. Ningekubali."

Akamsikia akivuta pumzi.

"Nimeshaoa, dada," mpiga picha akasema taratibu.

Hilo "dada" lilimuuma kuliko ndoa yenyewe. Simu ilipokatika akabonyeza Ndiyo, angalau swali lisibaki bila jibu. Maneno mapya yakatokea: *Basi fungua mlango. Nipo nje.*

Akainuka, akafungua. Korido ilikuwa tupu. Mwisho wake lifti ikalia kengele, ile ile aliyoisikia kwenye simu siku ile. Akaketi pale pale mlangoni, akalia kama aliyefiwa.