Chusa cha Babu Taqtu

Huku kaskazini ya mbali, mwezi wa Novemba jua halikai. Huchungulia upande wa kusini, husalimia, kisha huenda zake. Nyumbani kwa Ulaayuk, hiyo ndiyo saa ya kula. Ulaayuk alikuwa ameketi sakafuni akishona viatu vya ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Aliilainisha ngozi kwa meno. Mjukuu wake Taqtu, msichana wa miaka mitano, alikuwa akitafuna nyama iliyoganda. Ilikuwa nyama ya mwisho.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia Kublu, mtoto wa kiume wa Ulaayuk, theluji mabegani.

"Mama, kesho nakwenda kuwinda sili. Napita Njia ya Babu, pale kwenye mlango wa bahari."

"Mapema mno. Bahari imechelewa kuganda mwaka huu."

"Babu alipita mwezi huu huu kila mwaka, hakuzama. Niogope maji mimi, mjukuu wa Taqtu?"

"Babu yako huyo hapo," mama alisema. "Muulize mwenyewe."

Alimwonyesha mtoto. Taqtu alizaliwa muda mfupi baada ya babu, baba yake Ulaayuk, kufariki, akapewa jina lake. Kwa desturi ya huko, Ulaayuk humwita mtoto huyo "baba," naye Kublu humwita "babu." Mwenye jina la mzee hanyimwi anachokitaka.

Kublu akapiga magoti. "Babu, twende tukawinde?"

"Twende!" mtoto aliruka. "Lakini mimi nakaa mbele!"

"Umesikia, mama? Mzee ameamua."

Ulaayuk alikata uzi. Angemkatalia vipi baba yake?

Kulipopambazuka, Kublu alifunga sleji ya mbao, chombo cha kuteleza thelujini, nyuma ya pikipiki yake ya theluji. Alimfunika Taqtu kwa ngozi za paa wa theluji, pua tu ikabaki nje. Mara akaja jirani yao Arnaujaq. Kazi ya mama huyo ni kupima barafu ya bahari. Huvuta sleji ndogo yenye kipimo, kisha hutangaza unene wa barafu kwenye redio ya kijiji.

"Kublu, hukunisikia redioni? Mlango wa bahari haupitiki."

"Shangazi, redio yako haikuwahi kuwinda na babu yangu."

"Kweli. Na babu yako alishika nini mkononi alipopita pale?"

Kublu alizidi kukaza kamba ya sleji. Aliyejibu ni Ulaayuk, kutoka mlangoni.

"Chusa. Mkuki wa kuwindia, wenye ncha ya chuma. Baba alitangulia mbele ya mbwa wake wa sleji akiigonga barafu. Hata njia aliyoipita jana, leo aliigonga upya."

"Chusa hicho kiko wapi?" Arnaujaq aliuliza.

"Ukutani," Kublu alisema. "Ni ukumbusho."

"Ukumbusho!" Arnaujaq alicheka. "Mwanamume mzima umerithi njia, ukaacha macho ukutani. Kilete. Tutakwenda pamoja mpaka ukingoni. Na babu yako abaki hapa na mama."

"Sibaki!" Taqtu alilia kutoka kwenye ngozi.

"Babu," Arnaujaq alimwambia kwa upole, "tuache tukukagulie njia kwanza."

Mtoto akafikiri. "Haya. Msichelewe."

Karibu na pwani Kublu aligonga mara tatu mahali pamoja. Barafu ilijibu kwa sauti nzito, kama ubao mnene. Alimtazama Arnaujaq kwa majivuno. Wakaacha pikipiki, wakaendelea kwa miguu, wakigonga kila hatua chache. Mbele yao mlango wa bahari ulikuwa mweupe, tambarare, mzuri kama shuka jipya.

"Nilikwambia, shangazi. Tazama! Hata dubu angecheza ngoma hapa."

"Gonga."

Kublu aligonga mara moja tu. Chusa kikazama mpaka mkononi. Maji meusi yalipanda, yakailowesha theluji kwenye vidole vya viatu vyake.

Alirudi nyuma polepole, akikanyaga nyayo zake mwenyewe. Alipofika penye barafu nene, alikiegemea chusa.

"Angekuwa mbele," alisema. "Alitaka kukaa mbele."

Arnaujaq hakumkaripia. Alimwacha apumue kwanza.

"Sikiliza. Theluji ni blanketi. Inazuia baridi isiifikie barafu, kwa hiyo barafu hainenepi. Chini, mkondo wa maji unaila. Zamani mkondo ulikuwa huo huo, lakini bahari ilikuwa baridi zaidi."

"Kwa nini imepata joto?"

"Moshi wa mafuta na makaa ya mawe, wa dunia nzima, unafunika anga na kuzuia joto lisitoke. Halafu barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua juu. Ikipungua, maji meusi humeza joto hilo. Bahari ikipata joto, barafu inazidi kupungua. Sili hukosa mahali pa kuzalia, na dubu hukaa pwani na njaa."

Kublu alikichoma chusa kwenye theluji. "Moshi wao, na sisi ndio tuzame! Hiyo ni haki?"

"Si haki. Kasirika, useme, wakusikie huko mbali. Lakini hasira haielei, Kublu. Leo gonga kwanza."

Walimrudia Taqtu. Wakazunguka kwa njia ya nchi kavu, ndefu mara mbili, mpaka ghuba ya ndani. Huko kipimo cha Arnaujaq kilionyesha barafu nene kupita shibiri mbili. Chusa nacho kiligonga mara tatu, kikakubali. Kabla giza halijaingia, sili alipanda kupumua kwenye tundu lake barafuni. Kublu alipomchoma, Taqtu aliishika kamba kwa mikono miwili, akavuta huku akipiga kelele. Kwa hiyo akahesabiwa kuwa sili wa kwanza wa Taqtu. Nyama iligawiwa kila nyumba, na Arnaujaq alipata ini lote.

Siku iliyofuata Kublu alisimika miti yenye vitambaa vyekundu vya kuonya wapitao kando ya mlango wa bahari. Tangu hapo yeye hugonga na Arnaujaq hupima, kisha hutangaza pamoja redioni. Kublu hufungua kwa wimbo alioutunga mwenyewe:

*Barafu siiamini, kwa weupe wa usoni,*
*Chusa changu mkononi, naigonga hadi ndani,*
*Yakitoka maji chini, narudi zangu nyumbani,*
*Urithi wangu yakini, ni kugonga na kupima.*

Msimu huo pikipiki tatu zilifika kwenye vitambaa vile, zikarudi. Hakuna nyumba iliyolia.

Kublu alimchongea Taqtu chusa kidogo cha mti. Kila wakitoka, mtoto hutangulia, hugonga mara tatu, kisha huweka sikio chini.

"Baba," Ulaayuk alimwambia siku moja, akicheka, "kwa nini hukumfundisha Kublu haya ulipokuwa hai?"

Taqtu hakugeuka. Alikuwa akisikiliza barafu.

"Namfundisha sasa," alisema.